Sifa ya Riziki na Mashimo Yangu Mbili

Nianze na ujinga yangu, juu mutaisikia tu kwa wengine: miye njo nilishusha panier za basket za koleji yetu, zile chuma za kuingizia mupira. Zote mbili. Shibiri moya na nusu kila moya, sawasawa, juu sipendake upendeleo. Nilifanya vile nipate kuruka, nisukume mupira ndani na mikono mbili, nining'inie ku chuma sawa wale watu warefu wa mu video, na rafiki yangu anifilme na telefone ya kaka yake. Niliruka kweli. Chuma ilinipiga mu kinywa, kipande ya jino ikabaki pale chini, na video yenyewe inaonyesha mugongo yangu na mbuzi moya yenye kupita.

Sasa, wadogo zangu wa première na deuxième, darasa za chini, wenye mutarithi kiwanja, niko mu retraite, nimestaafu. Nina miaka kumi na saba. Nilitumika miaka ine kama mulinzi wa kiwanja ya basket ya masomo yetu hapa Masisi, bila barua ya kazi, bila likizo, na pension yangu ni sindano moya ya pompe ya mupira yenye sitapatia muntu. Papa Prefe, mukubwa wa masomo, anasema nimeacha juu niko finaliste, darasa ya mwisho, na Exétat, mutihani ya serikali, haiulizake mambo ya mupira. Wengine wanasema nilifukuzwa. Sitabishana. Muntu akizeeka mu kazi, watu wanasemaka mengi.

Kazi nilifunzwa na Papa Bauma, sentinelle wa zamani, mwenye alilinda ile koleji mbele hata walimu wengine wazaliwe. Siku ya kwanza alinipa kopo ya majivu na akaniambia nichore ligne za kiwanja. Nikamwaga majivu juu ya udongo, vizuri kabisa, mpaka nikarudi nyuma kujishangaa. Saa nane mvua ikanyesha. Ligne zote zikashuka na maji mpaka mutoni.

"Umechora vizuri," akasema. "Samaki watacheza."

Njo akanionyesha. Unachukua ncha ya panga, unakata mufereji mudogo, kina ya kidole moya, kufuata kamba. Majivu unaweka mule ndani. Mvua ikipita, mufereji inabaki, weye unajaza tu. Musisahau ile. Na mupira ikitoboka, usipake solution, ile gundi ya kiraka, mbele ya kukwaruza. Unakwaruza na jiwe mpaka pale paonekane pabaya, unapaka, halafu unangoja. Kungoja njo kazi yenyewe. Miye mara ya kwanza sikungoja. Kiraka ikaruka katikati ya mechi, mbele ya Papa Prefe, na harufu ya solution ikakaa ku shati yangu mpaka mwalimu wa dini akaniuliza pole pole kama niko na kitu ya kuungama.

Kitu ingine yenye mutajifunza bila miye ni mutelemuko. Kiwanja yetu inalala upande, sawa kila kitu mu Masisi, hata ng'ombe zetu zinasimamaka na miguu mbili juu na mbili chini. Upande wa chini kuko shamba ya maharagi ya Mama Sifa. Mupira ikitoka kule, haisimame. Inaingia mu maharagi, inavunja miti yenye maharagi inapandia, na sheria ya Papa Bauma ni moya: mwenye aligusa mupira mwisho njo anashuka kuichukua, na anaomba samahani kwa maneno kamili. Mama Sifa anapokeaka samahani pole pole. Anaanza kugombeza bibi yako mwenye alizaa mama yako, anashuka mpaka kwako, na akifika kwako mechi imeisha. Juu ya ile, kila muntu mwenye alichezea pale alijifunza kuogopa ule upande kuliko Exétat.

Sasa Riziki.

Mwaka ile alikuwa mu sixième, darasa ya mwisho, miye mu cinquième. Binti wa maneno kidogo, hapana murefu sana, miguu ya kupanda mulima, na mikono yenye haikutulia. Mbele ya ujinga yangu alikuwa muchezaji muzuri, basi. Halafu upepo ya mwezi wa kumi ikaangusha miti zote mbili za panier, Papa Bauma alikuwa kwake anauguza goti, na Papa Prefe akaniambia: "Weye, zisimamishe." Muti wa panier ni mukaratusi, urefu yake haibadilike. Ukichimba shimo ya kawaida, panier inakaa pahali pake. Ukichimba na tamaa, inashuka. Nilichimba na tamaa siku mbili, mu udongo yenye kujaa mawe, na siku ya tatu njo mbuzi ile ikaingia mu video.

Nilisema nitazirudisha juu. Lakini muntu akishachimba mu mawe mara moya hana haraka ya kuchimba tena. Na hakuna mwenye aliona. Vijana walipoanza kugusa chuma na vidole, wazazi wakasema ni maharagi ya mwaka ile njo inawarefusha.

Riziki akaanza kutupa na kuingiza. Kutoka mbali, kutoka pembeni, na muntu amemushikilia shati. Masomo ingine ilikuja kucheza kwetu, wanatupa sawa walivyozoea, mupira inapita juu ya chuma, inapiga mbao, inarudi mu mikono ya wetu. Walirudi kwao wakisema Masisi iko na kitu. Kitu yenyewe ilikuwa mashimo yangu. Lakini watu hawaimbie shimo, wanaimbia muntu. Wakamuita Mvua, juu point zake zilikuwa zinanyesha. Wakati wa Noeli hata watoto wa primaire walikuwa wanatupa viazi mu kikapu ya mama zao na kuita jina yake.

Ku parking ya moto, pale motard wanangojea wateja na pikipiki zao, hawakuongea kitu ingine.

"Huyu mutoto angezaliwa Amerika, leo angekuwa na nyumba na piscine," motard moya akasema.

"Piscine ya nini? Hajue kuogelea."

"Atalipa muntu aogelee pahali pake."

"Miye nasema munamusifu sana," wa tatu akasema, muntu mwenye alitoka Nyabiondo na hakupenda kitu ya Masisi hata chai. "Muchezaji wa kweli unamuona kwa wengine, hapana kwake."

Walitaka kumupiga. Halafu moya akanigeukia: "Weye mulinzi wa kiwanja, unasemaje? Riziki anastahili ao hastahili?"

Nikasema: "Iko juu sana." Na nikaenda haraka, juu nilijua ni nani alishusha.

Mama yangu, mwenye hajue point inapatikanaka namna gani, alikuwa anauzisha muhogo na anaweka sifa ya Riziki juu yake sawa nyongeza. Hakuna muntu alitoka ku meza yake bila zote mbili.

Pasaka ikapita, habari ikafika. Kocha wa timu ya wabinti ya université moya kule Goma alikuwa amesikia. Angekuja Mpofi, upande wa Walikale, pahali koleji yetu ingecheza na koleji ya kule, amuangalie Riziki na macho yake. Akimupenda, wanamupokea: masomo, kitanda, chakula. Papa yake Riziki alisema wazi mbele ya watu, bila ukali: mutoto amesoma vya kutosha, wadogo zake wako nyuma, kama ule kocha anakataa, Riziki anarudi ku shamba na mambo ya mupira imeisha. Riziki alisikia ile akiwa anafunga kamba za kiatu. Aliendelea kufunga.

Ile siku sikukula vizuri. Nilikata kamba ya metre tatu na sentimetre tano, njo urefu wa panier mu dunia yote, nikafunga jiwe ku ncha, nikaenda ku kiwanja wakati watu wako ku soko. Nilijua jibu. Nilitaka tu kamba iniambie bongo, inidanganye kidogo. Haikuniambia bongo.

Nikapanda kwa Papa Bauma. Alikuwa ameweka muguu juu ya kiti, anakwangua muhindi. Nikamuelezea yote, hata mbuzi.

Alikwangua muhindi mpaka ikaisha. "Na jino?"

"Iko pale chini, Papa."

"Basi umeshalipa kidogo." Akachukua muhindi ingine. "Umemuambia nani?"

"Weye wa kwanza. Nilifikiri niende kwa Papa Prefe."

"Prefe anachezaka?"

"Hapana."

"Mambo ya kiwanja unaambia mwenye kuchezea. Mwenye kushangilia anangoja. Shuka, goti yangu inanitosha."

Sasa musikie shida ya kuwa muntu wa michezo ya kutania watu, wadogo zangu. Nilienda kwa Riziki, nikamuambia, na akaendelea kuanika nguo.

"Riziki, nasema kweli. Panier ziko chini."

"Uliniambia pia Papa Prefe ameoa bibi wa pili. Nilienda kumupongeza."

"Ile ilikuwa muchezo."

"Alikuwa na bibi wa kwanza pale pembeni yake."

Ilibidi nimulete mpaka ku kiwanja. Nikapanda muti, nikagusisha ncha ya kamba ku chuma, na jiwe ikalala chini ku udongo. Kamba iliyobaki ilikuwa inalala pia, imejikunja pembeni ya kiatu yake. Akaipima na shibiri. Moya na nusu. Akaipima tena. Halafu akaenda ku panier ingine, akaniambia nipande, akapima.

"Hata hii?"

"Nilitaka ziwe sawa."

Nilingoja kofi. Ningependa kofi. Akakaa chini pale pahali ligne ya majivu inapita, na akauliza, hapana kwangu hasa: "Basi zile zote zenye niliingiza, ni nani aliziingiza?"

Nilianza kukunja kamba, pole pole.

Alipoinuka alisema vitu mbili. Kwanza, nilete jembe sasa hivi. Pili, nisiambie muntu. "Wakijua, watasema sikuwa kitu tangu mwanzo. Nataka nijue miye mwenyewe, mbele wao wajue." Tukachimbua. Alichimba kuliko miye. Tukajaza mawe chini ya kila muti mpaka kamba ikasimama wima toka chuma mpaka udongo, na tukapigapiga udongo na miguu. Siku nane zilibakia.

Siku nane alitupa na kukosa. Mupira ilikuwa inagonga chuma mbele, inakufa. Watu wenye kupita barabarani walisimama. Siku ya pili walisema amechoka, siku ya ine wakasema ni mapenzi, siku ya sita wakasema wamemuloga, na mama moya akaleta maji ya maombi mu chupa ya Fanta. Riziki alikunywa, akashukuru, akaendelea kukosa. Miye nilikuwa nachukua mupira na kumurudishia. Siku ya nane aliingiza kumi mu makumi ine. Alisema tu: "Mukono inaanza kukumbuka." Na saa yenyewe ya kwenda ilikuwa imefika.

Mpofi tulifika na moto, matope mpaka ku masikio. Kiwanja yao iko sawa kama meza. Panier zao ni za chuma ya kweli, fundi mwenye aliziunganisha alitumikaka Bisie ku mine, kule wanachimba madini, na hakuna mutoto wa Mpofi mwenye anaweza kuzishusha hata akiwa na jino za kutosha. Watu walijaa, hata wa Kibua walikuja, juu sifa ya Mvua ilikuwa imefika mbele yetu. Mama Kocha alikuwa anakaa ku kiti ya plastiki, mwanamuke mufupi mwenye kofia, na kaye ya kuandikia juu ya magoti.

Riziki akatupa ya kwanza. Chuma. Ya pili, chuma. Ya tatu haikugusa hata chuma.

"Masisi," muntu wa Kibua akaita, "mulituletea mvua ao mulituletea ukungu?"

Watu wakacheka, na miye karibu nicheke, juu ilikuwa nzuri. Ya ine, ya tano. Kila mara ninaangalia Mama Kocha, na kila mara anainama, anaandika. Nikaona mu kichwa jembe ya shamba mu mukono ya Riziki, nikaona miaka yote yenye ingekuja, na mapumziko ilipofika miguu yangu ikanipeleka kabisa mbele ya ile kiti. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Ahadi nyingi nilivunjaka kwa muchezo, ile nilivunja bila kucheka.

"Mama Kocha, shikamoo. Kosa ni yangu."

"Kosa gani? Weye ni nani?"

"Mulinzi wa kiwanja. Kwetu nilishusha panier. Shibiri moya na nusu. Riziki alijifunza vibaya juu yangu, tumezirudisha siku nane tu. Andika jina yangu, futa yake."

Aliniangalia kutoka viatu mpaka jino. "Ulishusha panier juu ya nini?"

"Nilitaka kufanya video."

"Ilitoka vizuri?"

"Mbuzi njo ilitoka vizuri."

Hakucheka, lakini kofia ilitikisika. Akageuza kaye, akanionyesha. Nilifikiri nitaona zero za Riziki. Niliona vijiti vidogo, vingi, vimepangwa tano tano.

"Unajua hii ni nini? Kila kijiti ni mupira yenye ilikuwa inapotea, inatoka nje, na yeye akaifikia mbele ya ligne. Kipindi moya tu. Anaikimbilia sawa inaenda kuangukia mutoto. Kutupa, miye ninamufunza muntu mu mwaka moya. Lakini muntu mwenye hakubali mupira itoke, hata iko upande wa adui, hata timu inapoteza, huyo sipatake. Ni kocha gani alimufunza ile?"

Nikajibu: "Mama Sifa."

"Ametumika na timu gani?"

"Hapana timu, Mama. Ni maharagi."

Ikabidi nimuelezee mutelemuko, na miti ya maharagi, na samahani yenye kuanzia kwa bibi yako. Mbele nimalize, filimbi ikalia. "Toka mbele yangu, ninatumika," akasema.

Kipindi ya pili Riziki aliingiza tatu. Tatu za kweli, ku panier ya kweli, na ule muntu wa Kibua akanyamaza ku ya tatu. Mupira haikutoka nje hata mara moya ikiwa karibu yake. Alijitupa chini, akagonga goti, akarudisha mupira kwa wenzake, wenzake wakaingiza. Tulipoteza kwa point ine. Mama Kocha alifunga kaye, akaenda kwa papa yake Riziki mwenye alikuwa anasimama pekee yake nyuma ya watu, na wakaongea wakati murefu. Papa alivua kofia. Wakaita Riziki. Nilikuwa mbali, sikusikia kitu, niliona tu Riziki anaangalia viatu vyake, halafu anaangalia panier, halafu anaitika na kichwa. Wamemupokea ku essai, kumujaribu kwanza, mpaka Noeli.

Alipita karibu yangu na goti yenye damu. "Ulimuambia," akasema.

"Nilimuambia."

"Alijua tayari ile yenye alitaka kujua." Akatembea kidogo, akageuka. "Sasa unaweza kuambia watu wote. Tena uwaambie vizuri, usiweke chumvi."

Noeli imepita, wadogo zangu, na Riziki iko bado Goma. Alituma sauti ku telefone ya mama yake: bado wanamufunza kutupa, kocha anamulalamikia kiwiko kila siku, na mu timu yote yeye njo wanamuweka mechi ikiwa mubaya. Mukiniuliza sasa ile ulizo ya ku parking, kama alistahili sifa, nitajibu: alistahili, lakini hapana ile yenye tulimupa. Tulisifu mikono yake juu ya kazi ya jembe yangu. Miguu yake, yenye ilishuka mu maharagi mara mia na kupanda tena na mupira chini ya mukono, ile hatukuisemea hata neno moya, juu kila muntu wa hapa anashukaka na kupanda. Mukipata nyota mwingine, na mutapata, muangalie kwanza kiwanja mbele ya kumuimbia. Pimeni na kamba. Musitumie shibiri ya muntu mwenye kujipenda.

Nilisema yote siku ya kazi ya kwanza kisha kutoka Mpofi, mbele ya masomo yote, asubuhi, kisha wimbo ya taifa. Walianza kucheka mbele nifungue kinywa, juu walinizoea. Niliendelea mpaka kicheko ikaisha. Papa Prefe aliniambia nimupe funguo ya depo ya mipira. Ule motard wa Nyabiondo, nasikia, alilipia wenzake chai, na aliikunywa pia.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imefika mbele yangu. Mama alikuwa anamenya muhogo, na meza yake ya soko ilikuwa imekunjwa ku ukuta. Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno, juu yeye njo alimusifu Riziki kuliko watu wote, na nilifikiri nimemufezehesha mbele ya wateja. Alimaliza muhogo moya, akaitupa mu maji, akaniangalia, na akasema hivi:

"Ule mutoto alienda, Mungu iko mukubwa. Sasa weye, mwenye unajuaka kuchimba shimo murefu mu mawe bila kutumwa na muntu, jembe iko nyuma ya mulango, na choo yetu imejaa."